Msumari Ambao Haukuwapo

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka bado mikono yangu huacha ilichokuwa ikikifanya. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, mke wa mtu, mama wa mtoto mmoja, nimeketi barazani kwetu Buyenzi mbele ya mashine ndogo ya kunolea misumeno. Jana nimeona umenunua ya kwako, umeifunga kwa bolti juu ya meza karibu na dirisha. Umefanya vizuri kuiweka penye mwanga. Sasa kaa kidogo. Mashine huja na karatasi yake ya maelezo, lakini jambo ninalotaka kukuambia halimo katika karatasi ile.

Mashine ya kwetu aliinunua baba mkwe wangu, Mzee Shabani, Mungu amrehemu. Maisha yake yote alikuwa amenoa misumeno ya mkono kwa tupa, jino baada ya jino, na hapakuwa na seremala wa Buyenzi asiyemjua. Baridi yabisi ilipomkamata vidole, tupa ikawa inamponyoka. Wakati huo karakana nyingi zilikuwa zimeanza kutumia misumeno ya umeme, ile yenye sahani ya chuma ya mviringo ambayo sisi hapa tunaiita disiki, yenye meno magumu ya widia yasiyosikia tupa. Akanunua mashine, akatazama ni nani nyumbani wa kuishika. Mume wangu alikuwa dereva wa lori, leo yupo, kesho yuko njiani. Nikabaki mimi.

"We una subira," aliniambia. "Nimekuona unavyochambua muchele."

Ndivyo nilivyoingia katika kazi ya chuma, kwa mlango wa mchele.

Alinifundisha pole pole. Kwanza disiki ilowe kwenye maji ya sabuni, isuguliwe kwa brashi mpaka utomvu wa mbao utoke wote, maana jino chafu halisomeki. Pili, kabla ya kuwasha umeme, pita kila jino kwa jicho na kwa ukucha. Hapo alikuwa akinisimamia kama mwalimu wa madrasa. Ndipo ufunge disiki kwenye mhimili wake, utie alama ya chaki kwenye jino la kwanza, ugeuze mkono wa mashine kufuata ulalo wa meno, na jiwe la kunolea liguse kidogo tu, busu la mgeni, kisha uende jino la pili. Meno yote yapate kiasi kimoja. Ukililamba moja zaidi, linakuwa fupi, wenzake wanabeba kazi yake. Nilijifunza nikaipenda kazi. Sauti ya jiwe likigusa widia ilikuwa inanituliza, sijui kwa nini.

Lakini watu wana midomo. Mwanamke anoe msumeno? Sokoni palikuwa na mnoaji mmoja, mwanamume wa makamo, aliyekuwa akiwaambia wateja kwamba disiki iliyopita mikononi mwangu inafaa kukatia sabuni. Nilikuwa nacheka nikiletewa habari hizo. Nikirudi ndani sikuwa nacheka. Neno lile lilikaa kifuani kama mwiba wa ndagala, dagaa wa kwetu, mdogo, na kila nikimeza naujua upo.

Basi akaja Leonidas. Huyu alikuwa na karakana kubwa kule Kamenge, mafundi sita, na alikuwa amepata kazi ya kutengeneza milango ya nyumba mpya huko Kigobe. Alinikuta peke yangu. Mzee Shabani alikuwa amekwenda kwenye hitima ya jirani, mtaa wa nne. Leonidas aliweka disiki mezani, akanitazama, akaitazama mashine.

"Mama Saidi, wamenisifia kazi yako. Wengine wameniambia niache. Mi nataka kujionea. Nipe hii kesho asubuhi. Ikikata vizuri, disiki zangu zote zitakuja hapa."

Nikamwambia kesho asubuhi ataikuta tayari.

Niliilowesha, nikaisugua. Utomvu ulipotoka, chini ya jino moja, pale widia inapounganishwa na sahani, nikaona mstari mweusi. Mwembamba, kama unywele wa mtoto. Nikaupitisha ukucha, ukucha ukakwama.

Mwanangu, nilijua ni nini. Nilikwisha kuonyeshwa mara nyingi. Jino lenye ufa halinolewi. Disiki inarudishwa kwa mwenyewe, anaambiwa: hii ipeleke kwanza kwa mchomeleaji akubadilishie jino, ndipo uilete. Mchomeleaji wa widia wakati ule alikuwa mmoja tu, na kwake ungesubiri siku nne, tano. Nikawaza: nikimrudishia Leonidas disiki yake bila kunolewa, atasema mwanamke ameshindwa. Yule wa sokoni atasikia kabla ya adhuhuri. Tena ni jino moja, meno mengine yote mazima. Huenda limekaa hivyo mwaka mzima.

Nikatia chaki kwenye jino la kwanza, nikawasha. Nilipofika kwenye jino lile, niliunyanyua mkono wa mashine kidogo, jiwe likaligusa kwa huruma. Eti kwa huruma. Nililionea huruma jino, sikumwonea huruma mtu atakayesimama mbele yake.

Asubuhi Leonidas akaja akachukua disiki yake. Mzee Shabani aliniuliza tu, "Ilikuwa nzima?" Nikasema, "Nzima, Baba." Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi ufa wangu niliufunika kwa neno moja, nikaenda kupika.

Siku ya tatu habari zikafika. Kwenye karakana ya Kamenge disiki imerusha jino, jino limempata mshika msumeno, limemwingia jichoni. Amekimbizwa hospitali. Jina lake Ezekieli, mtu wa Uvira, ng'ambo ya mpaka, mkimbizi, baba wa watoto watatu. Aliyeleta habari alikuwa fundi mwenzake.

"Ni musumari," alisema yule fundi. "Zile mbao zilikuwa za zamani, zimetolewa kwenye jengo. Hakuangalia. Patro wetu, Leonidas, amekasirika sana, amesema hata akipona asirudi."

Na unajua nilisema nini moyoni? Nilisema alhamdulillahi. Nilimshukuru Mungu kwa msumari. Miaka yote hii nimeomba dua nyingi, lakini shukrani ile ndiyo ninayoombea msamaha zaidi kuliko kosa lenyewe.

Jioni ile ile Leonidas akaleta disiki, tuone kama jino linaweza kurudishwa. Alinipa bila lawama yoyote. Alisema kazi yangu ilikuwa nzuri, siku mbili zile msumeno ulikata kama siagi, kwa bahati mbaya amekuwa na mfanyakazi mzembe. Alipoondoka, Mzee Shabani akanyoosha mkono. Nikampa. Alitoka nayo mpaka uani, akaigeuza kwenye jua la mwisho, akapatazama kwa muda mrefu mahali jino lilipong'oka.

"Njoo," akasema.

Nikaenda.

"Hapa panang'aa. Hapa ni pa leo." Alikuwa anaonyesha kwa kidole chake kilichopinda. "Na hapa peusi, pameingia utomvu. Hapa ni pa zamani. Nusu ya jino ilikuwa imekwisha kuachia kabla ya leo. We ndiye uliisafisha?"

"Ndiyo, Baba."

"Basi uliona."

Hakunipigia kelele, hakuwahi kunipigia kelele hata siku moja katika maisha yake. Aliiweka disiki juu ya ndoo iliyopinduliwa, akakaa kwenye mkeka. Kisha akasema:

"Wale mafundi ni sita. Watano wana baba zao hapa, wana wajomba, wana watu wa kuja kusema. Huyu hana mutu. Ndiyo maana kosa limepata fasi ya kukaa."

Akaongeza: "Mi sitakwenda kukusemea. Mdomo uliosema nzima ni wako."

Kuanzia kesho yake hakunipa msumeno wowote wa kunoa. Alinisalimia, alikula chakula changu, alimbeba mtoto. Mashine ilikaa imefunikwa kwa kanga, nami nilikuwa naipita kama mtu anavyolipita jeneza.

Nilijiambia nitakwenda. Nilisema kesho, kesho ikawa kesho kutwa. Ilipofika wiki ya pili nilisikia Ezekieli ametoka hospitali, yuko kwake. Nikatengeneza kapu: unga, mchele, mafuta, sukari, sabuni. Nikapanda baisikeli ya abiria mpaka Kamenge, nikaulizia nyumba.

Kilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la makaa. Mkewe, Mama Furaha, alinipokea kwa mikono miwili. Hakunijua, nilimwambia mimi ni mtu wa Buyenzi ninayenoa disiki za karakana, nimesikia ajali, nimekuja kuwapa pole. Aliliona kapu akaanza kulia. Akasema katika watu wote wa karakana hakuna aliyekuja, nimekuja mimi nisiyewajua, tena Mwislamu. Akanishika mkono akaniombea kwa jina la Yesu, mimi na watoto wangu. Nilisimama pale nikiitikia amina.

Ezekieli alikuwa ameketi kitandani, kitambaa cheupe kimefunika jicho la kushoto. Hakuwa mtu mkubwa. Mikono yake ilikuwa mapajani, viganja vimeangalia juu, na wakati wote alipozungumza alikuwa anavitazama.

"Mama, mi tangu Uvira nashika musumeno, nikiwa kijana," alisema. "Kila mbao napitisha mukono kwanza. Ile siku nilipitisha. Sikusikia kitu."

"Pole," nikasema.

"Lakini wote wanasema musumari ulikuwako. Hakuna mutu aliyekataa. Sasa mi naanza kusema, labda kweli ulikuwako. Labda mikono yangu imekufa, haisikii tena. Mutu ambaye mikono yake haisikii, atafanya kazi gani?"

Palepale nilipaswa kufungua mdomo. Neno lilifika kwenye meno. Nikasema, "Mungu atasaidia," nikaaga, nikaondoka.

La kuvunda halina ubani, mwanangu. Nilikuwa nimekwenda kuufukiza uongo wangu kwa mchele na mafuta. Njia nzima ya kurudi nilikuwa naona vile viganja. Jicho lilikuwa limekwenda, hilo sikuweza kulirudisha. Lakini nilikuwa nimemchukulia kitu kingine ambacho hata mwenyewe hakujua kimeibwa. Nilikuwa nimemfanya mtu asiamini mikono yake mwenyewe, na kitu hicho nilikuwa nacho mimi, mfukoni mwangu, ningeweza kumpa wakati wowote.

Nilipofika nyumbani nilimkuta Mzee Shabani anatoka kuswali laasiri. Nikamwambia, "Baba, nimekwenda kwa yule mtu."

"Umemwambia?"

"Apana."

"Ulimpelekea nini?"

Nikamtajia vitu vya kapuni. Alitikisa kichwa pole pole.

"Kesho rudi mikono mitupu," alisema. "Ukimaliza kwake, nenda kwenye ateliye ya Leonidas. Kosa lake lilisemwa mbele ya watu. Ukweli nao usemwe mbele ya watu."

Nilirudi asubuhi nikiwa na ile disiki, nimeifunga kwa gazeti. Mama Furaha alifurahi kuniona tena, akataka kunipikia chai. Nilimwomba akae. Nikafungua gazeti, nikamwonyesha Ezekieli pale peusi na pale panapong'aa, nikamweleza kila kitu: ufa, ukucha uliokwama, maneno ya yule mnoaji wa sokoni, jinsi nilivyosema nzima. Sikuona sababu ya kulia mbele yao. Kilio kingekuwa kuwaomba wao wanibembeleze mimi.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kitu kimoja.

"Kwa hiyo musumari haukuwako?"

"Haukuwako."

Alimgeukia mkewe. "Mama Furaha," akasema, "haukuwako." Akavifumba viganja vyake, akavifumbua, akavifumba tena, na jicho lake moja likajaa machozi.

Mama Furaha aliondoka pale alipokaa, akasimama mlangoni akinipa mgongo. Mwanamke yule aliyeniombea jana yake hakunitazama tena. Nilikuwa nimestahili.

"Mi leo sina neno la kukupa," Ezekieli aliniambia. "Uende tu."

Nikaenda karakanani. Leonidas alikuwa uani na mafundi wake watano, milango ya Kigobe imeegemezwa ukutani. Niliomba misumeno izimwe. Nikasema kwa sauti ili wote wasikie, nikazungusha disiki mkono kwa mkono wajionee. Fundi mmoja, mtu mzima kuliko wengine, aliishika muda mrefu, akasema kwa unyonge kwamba kweli yeye mwenyewe alitafuta tundu la msumari kwenye ule ubao na hakuliona, lakini hakusema, kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Leonidas alinikasirikia kwa maneno ambayo sitayarudia. Yalikuwa haki yake. Alisema hakuna disiki yake itakayokanyaga tena baraza yangu, na haikukanyaga. Kabla ya jua kutua, sokoni walikuwa wanajua. Yule mnoaji alipata cha kusema kwa mwaka mzima, na safari hii hakuwa anasema uongo.

Jioni ile Mzee Shabani mwenyewe aliiondoa kanga juu ya mashine. Mume wangu aliporudi kutoka safari nilimweleza. Tulikubaliana kwamba nusu ya kitakachopatikana kwenye mashine iende kwa watoto wa Ezekieli mpaka wakue. Mwanzo kulikuwa hakuna kitu cha kugawa, maana wateja walikuwa wameondoka. Walirudi mmoja mmoja, na wa kwanza kurudi, usishangae, alikuwa yule fundi mtu mzima wa Kamenge, aliyekuwa ameanza karakana yake ndogo. Aliniambia, "Sasa najua kwamba ukiniambia disiki ni nzima, ni nzima." Leonidas naye alimwita Ezekieli arudi, akamwomba msamaha mbele ya wenzake. Alirudi. Msumeno hakutaka kuushika tena kwa jicho moja, akapewa kazi ya kuchagua mbao. Kila ubao ulioingia karakana ile ulipita kwanza chini ya mikono yake, na watu wakawa wanakuja hata kutoka mtaa wa Mutanga Sud wamwombe awachagulie.

Hakuwahi kuniambia amenisamehe. Tulikuwa tukikutana barabarani, ananiuliza habari za watoto, namuuliza habari za wake. Miaka mingi baadaye, alipoamua kurudi kwao ng'ambo ya mpaka, alipita Buyenzi kuniaga, akanywa maji, akasimama kidogo kuitazama mashine, akasema, "Fanya kazi muzuri, Mama Saidi." Ni hilo tu. Nimeishi nalo, linanitosha. Sikukuambia haya ili udhani kwamba ukweli hurudisha kila kitu. Jicho halikurudi. Ukweli ulirudisha kile ambacho bado kingeweza kurudi, na ningechelewa kidogo zaidi labda hata hicho kisingekuwapo.

Basi shika haya, mwanangu, kwa kuwa sasa mashine iko mezani kwako. Safisha kabla ya kunoa, na vaa miwani. Usiwashe umeme kabla hujapitisha ukucha kwenye kila jino, hata kama mwenye disiki amesimama mlangoni anakuhimiza. Ukiona ufa, sema ufa. Mteja atakayeondoka kwa sababu hiyo, mwache aende mzima na macho yake mawili. Siku utakapokosea, na utakosea, maana kuteleza si kuanguka, usingoje mtu mwingine aangukiwe na kosa lako. Tazama haraka ni nani anayelaumiwa mahali pako. Mara nyingi utamkuta ni yule asiye na ndugu wa kumsemea. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, na haki yenyewe usiifunge ndani ya zawadi ukadhani umeifikisha. Mpe mkononi, uchi kama ilivyo, mbele ya wale waliosikia uongo.

Nenda kafanye kazi yako. Mwenyezi Mungu aibariki mikono yako na kila mkono utakaoshika ulichonoa. Akupe jicho la kuona kasoro na moyo wa kuitamka. Akukinge na pupa, akukinge na fahari, na watu walale usingizi wa amani kwa sababu ya kazi yako. Amina.